Mji Mkongwe kwa Kiti Mwendo: Jinsi ya Kupanga Safari ya Siku Moja Kutoka Dar es Salaam

Likizo zikikaribia, swali moja hunijia kutoka kwa wasomaji wengi: "Tunataka kumpeleka mama Zanzibar akauone Mji Mkongwe, lakini anatumia kiti mwendo. Tunaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo?" Wengine hujiulizia wenyewe: kijana aliyeumia mgongo, mwalimu aliyestaafu akiwa na magoti mabovu, bibi aliyepata kiharusi. Wote wanahofia mambo manne: vichochoro, ngazi, boti na choo.

Jibu ni kwamba inawezekana, ila kuna sharti. Familia nyingi huanza kwa kuorodhesha majengo ya kuona, kisha hugundua zikiwa njiani kwamba nusu ya orodha iko juu ya ngazi. Anza upande wa pili. Tafuta kwanza njia ambayo magurudumu yatapita, ndipo uchague cha kuona kando ya njia hiyo. Ukilishika hilo moja, mengine yote yaliyomo humu yatakuwa mepesi.

## Muulize msafiri kabla ya kukata tiketi

Kosa la kwanza hutokea sebuleni. Watoto na wajukuu hukaa, hupanga, hulipa, halafu humjulisha mzee zikiwa zimebaki siku mbili. Anayeujua mwili wake ni yeye. Kaa naye, muulize, uandike majibu:

- Unaweza kusimama hatua mbili tatu ukishikwa, au unahamishwa moja kwa moja kutoka kiti hadi kiti?
- Ukikaa muda mrefu unaumia wapi, na baada ya muda gani?
- Unahitaji kwenda haja mara ngapi kwa siku, na nani unakubali akusaidie?
- Ni kitu gani kimoja ambacho lazima ukione, hata mengine yote yakikosekana?
- Ni msaada gani hutaki kabisa? Wapo wasiokubali kubebwa mgongoni. Wapo akina mama wasiotaka kuinuliwa na mwanamume asiye wa familia.

Kile kimoja anachotaka kukiona ndicho nguzo ya siku yenu. Kipangeni asubuhi, nguvu zikiwa bado zipo. Vingine vyote ni nyongeza.

## Pima kiti, usikisie

Chukua futi ya fundi cherehani na upime haya:

- Upana, kuanzia ukingo wa nje wa gurudumu moja hadi wa jingine, pamoja na pete za kusukumia. Viti vingi vya watu wazima vina sentimita 60 hadi 70. Kama msafiri hujisukuma mwenyewe, ongeza sentimita 5 kila upande ili asikwaruze vidole.
- Urefu, pamoja na sehemu ya kukanyagia miguu. Ili kiti kigeuke mzunguko mzima kinahitaji nafasi ya kama mita 1.5.
- Uzito wa kiti kikiwa kitupu, na wa msafiri. Wanaoinua lazima waujue kabla ya kuinua.
- Ukubwa kikikunjwa, ili ujue kama kitaingia kwenye buti la teksi.

Vipimo hivi vinahitajika zaidi Mji Mkongwe kuliko kwingine kwa sababu ya milango yake. Mlango wa Kizanzibari wa nakshi una mbao mbili, na katikati kuna mfaa, ule mti wa wima uliopigiliwa kwenye ubao mmoja. Kwa kawaida hufunguliwa ubao mmoja tu, na upenyo wake mara nyingi haupitishi kiti. Usigeuze ukaondoka. Mwombe mwenyeji afungue mbao zote mbili. Chini yake utakuta kizingiti, pengine na ngazi moja au mbili za mawe kati ya baraza.

Kama mnabeba ubao wa kuwekea magurudumu, kumbuka hesabu ya rampu: kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za urefu. Kizingiti cha sentimita 10 kinahitaji ubao wa mita 1.2. Msukumaji mwenye nguvu anaweza kumudu mwinuko mkali kidogo kuliko huo, lakini anayejisukuma mwenyewe hataweza.

## Kiti cha kwenda nacho

- Kiti chepesi cha kusukuma, cha kukunja, ndicho bora. Kinaingia kwenye teksi na kinainuliwa na watu wawili.
- Kiti cha umeme kinafaa nyumbani na kwenye barabara tambarare. Lakini ni kizito mno kuinuliwa ngazini, na betri ikiisha vichochoroni mtabaki hapo. Kama mna kiti cha kusukuma, chukueni hicho.
- Baiskeli ya miguu mitatu ni nzuri barabarani ila ni pana kwa milango na nzito kwa boti.
- Kiti cha kuazima ni msaada mkubwa kwa mzee ambaye nyumbani hutembea kwa mkongojo lakini hawezi mwendo mrefu. Akikalie siku kadhaa kabla ya safari, asikutane nacho bandarini.

Siku tatu kabla, kipelekeni kwa fundi baiskeli. Akague upepo, breki, skrubu na yale magurudumu madogo ya mbele, kwa sababu ndiyo hukwama kwenye nyufa za mawe na vifuniko vya mifereji. Bebeni pampu ndogo, viraka na spana inayoingia kwenye nati za kiti chenu.

## Chagua siku kwa kalenda ya bahari na ya mji

Tazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii hukaribia mita 4. Siku hizo maji hupwa sana kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi, karibu na wakati boti ya asubuhi inapofika Unguja. Daraja la kushukia huwa na mwinuko tofauti na wa siku za maji mafu. Mkiweza, chagueni siku za katikati, wakati bahari haipandi wala kushuka sana.

Tazama msimu. Masika, Machi hadi Mei, madimbwi huficha mashimo na mawe huteleza. Kusi ikivuma, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka na boti huyumba. Januari na Februari bahari huwa tulivu zaidi lakini jua ni kali. Septemba na mwanzo wa Oktoba ni wakati mzuri kwa wengi.

Tazama shughuli za mji.

- Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa na njia za karibu na misikiti hujaa.
- Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi haifunguliwi mchana. Anayehitaji kula kwa saa ili ameze dawa atapata taabu.
- Siku za kuelekea Idi na baada yake, boti hufurika.
- Februari, tamasha la Sauti za Busara hujaza Ngome Kongwe na mitaa ya jirani.

Kwa safari ya kwanza, Jumanne au Jumatano ya kawaida itawafaa zaidi.

## Ukipiga simu, uliza kwa namba

Ukiuliza "Je, kwenu kiti mwendo kinaingia?" utajibiwa "Hakuna shida, karibuni." Mwenyeji hadanganyi. Anamaanisha vijana wake watambeba mgeni. Kwa hiyo uliza hivi:

- Kutoka barabarani hadi mezani kuna ngazi ngapi, na kila moja ina kimo gani?
- Mlango una upana wa sentimita ngapi mbao zote zikifunguliwa?
- Choo kiko ghorofa gani? Ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Mlango wake una upana gani?
- Tafadhali nitumie picha ya mlango na ya choo.

Piga kwa watu wanne: ofisi ya boti, mgahawa au hoteli mtakayopumzikia, dereva wa teksi wa Unguja, na mwongoza watalii kama mtamtumia. Mwombe dereva aje na gari lenye buti kubwa na kiti cha mbele kinachosogea nyuma kabisa. Kwa wasafiri wengi wa umri mkubwa, Noah huwa juu mno na gari dogo la saluni huwa rahisi kuhamia.

Zanzibar pia kuna Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ, na shirikisho la jumuiya hizo, SHIJUWAZA. Wanachama wao hupita mitaa hiyo kila siku. Kabla ya kumlipa mtu yeyote anayejiita mtaalamu wa safari, waulizeni wao.

## Bandarini na botini

Safari ya boti ya kasi huchukua kama saa mbili. Fikeni bandarini angalau saa nzima kabla ya kuondoka. Kila mtu mzima awe na kitambulisho, na wasio Watanzania wawe na pasipoti.

1. Jitambulisheni mapema. Mwoneni msimamizi wa kupakia abiria, mwelezeni uzito wa msafiri na kama anaweza kusimama. Ombeni kupanda kabla ya umati.
2. Chagueni watu wa kuinua ninyi wenyewe. Wachukuzi watakuja wengi kwa pamoja. Teua wawili au watatu, patana bei kwanza, na umwache mmoja tu wa familia atoe maelekezo.
3. Kaeni sitaha ya chini, karibu na mlango. Mkihamia kwenye siti ya boti, pelekeni na mto wa kukalia wa msafiri.
4. Vueni vinavyochomoka. Vikanyagio na mikono ya kiti hupotea. Vitieni kwenye mfuko, na bandikeni jina na namba ya simu kwenye fremu.
5. Mpeleke msafiri choo cha nchi kavu kabla ya kupanda. Vyoo vya botini huwa vyembamba na vyenye kizingiti, na boti ikiyumba havifai kwa kuhamishana.
6. Ulizeni jaketi la kuokolea lililo karibu naye, na mkubaliane nani atamvisha.
7. Dawa ya kichefuchefu humezwa kabla ya safari. Kama msafiri anatumia dawa nyingine, mfamasia aulizwe kwanza.

Unguja mkifika, subirini umati upungue ndipo mshuke. Nje mtakutana na mapapasi, vijana wanaowinda wageni, na madereva wakiita kwa sauti. Kama mmeshapanga dereva wenu, mwambieni asubiri kwa jina langoni, nanyi mpite moja kwa moja hadi kwake.

## Uelewe mji kabla ya kuuingia

Mji Mkongwe, ulioandikwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, uko kwenye rasi. Ndani ni vichochoro visivyopitisha gari. Lakini pembeni umezungukwa na barabara za gari. Kutoka bandari ya Malindi, Barabara ya Mizingani inafuata bahari hadi Forodhani. Halafu zipo Shangani na Barabara ya Kenyatta, kisha Vuga hadi Mnazi Mmoja. Kutoka hapo Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo wazee bado huiita Creek Road, inapita Darajani na kuwarudisha Malindi.

Kanuni ni hii: zungukeni kwa gari, ingieni kutoka ukingoni. Kila mahali mnapotaka pafikeni kwa barabara iliyo karibu zaidi, ingieni kwa kichochoro kifupi, mtoke kwa njia ileile. Msikatize katikati ya mji eti kwa sababu ramani ya simu inaonyesha ni karibu. Simu haioni ngazi, wala vespa inayokuja kwa kasi mahali pasipo pa kupishana.

## Kipi kifanyike, kipi kiachwe

Vinavyofikika kwa urahisi zaidi

- *Mizingani.* Kutoka bandarini hadi Forodhani ni chini ya kilomita moja, kando ya bahari. Njiani kuna Zahanati ya Zamani yenye roshani za mbao za nakshi, ambazo huonekana vizuri zaidi ukiwa barabarani, na Mti Mkubwa wenye kivuli cha kupumzikia.
- *Bustani ya Forodhani.* Ilikarabatiwa upya mwaka 2009. Ina njia zilizosakafiwa, miti na upepo wa bahari. Lile soko la chakula mnalolisikia huanza jua linapozama, kwa hiyo wasafiri wa siku moja hawatalikuta.
- *Ngome Kongwe.* Ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kuondolewa mwaka 1698. Ua wake wa ndani uko chini, wazi, na kuna maduka ya kazi za mikono. Baada ya mvua, epukeni sehemu za nyasi.

Vya kutazama kutoka nje

- *Beit al-Ajaib.* Jumba hili la Sultani Barghash, la mwaka 1883, hutajwa kuwa la kwanza Afrika Mashariki kuwekewa lifti. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Uso wake unaonekana vizuri kutoka Forodhani, na huko ndiko kusimulia historia yake kunakofaa.
- *Kasri la Beit al-Sahel.* Ghorofa za juu hufikiwa kwa ngazi. Msimwache msafiri chini wakati wote mkipanda. Pandeni kwa zamu.

Vinavyohitaji maandalizi

- *Kanisa la Anglikana, Mkunazini.* Lilianza kujengwa baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873, mahali palepale lilipokuwa soko hilo. Fikeni kwa gari kutoka upande wa Barabara ya Benjamin Mkapa. Vyumba vya chini wanavyoonyeshwa wageni vina ngazi kali na dari ya kuinamia, kwa hiyo kiti hakifiki huko. Lakini sanamu za watumwa zilizochongwa na Clara Sörnäs mwaka 1998 ziko nje, ndani ya shimo lililo wazi, nazo hutazamwa kutoka ukingoni. Kwa wengi hapo ndipo moyo unapoguswa zaidi.
- *Soko la Darajani.* Soko hili la mwaka 1904 lina msongamano, na upande wa samaki sakafu huwa na maji. Piteni nje, au muingie kwa dakika chache upande wa viungo.

Vya kuacha kwa safari hii

- *Kisiwa cha Changuu.* Boti ndogo hupandiwa ufukweni, miguu majini.
- *Hamamni.* Iko ndani ya vichochoro na ina sakafu za kupanda na kushuka.
- *Mashamba ya viungo.* Njia ni za udongo na mizizi. Yapangieni siku yake.

## Kusukuma na kuinua bila kuumizana

Watu wa Mji Mkongwe ni wepesi wa kusaidia, na wepesi huo una hatari yake: mikono mitano hushika kiti kwa pamoja, kila mmoja akivuta kwake. Kabla ya kuinua, sema kwa sauti: "Ndugu zangu, ahsanteni. Tusubiri kwanza. Wewe shika vishikio vya nyuma, wewe shika fremu ya mbele. Tunainua nikihesabu tatu." Kisha mwangalie msafiri aseme yuko tayari.

- Msishike mikono ya kiti, vikanyagio wala magurudumu. Hivyo huchomoka au huzunguka.
- Kupanda ngazi: mgongo wa kiti uelekee ngazi. Kilaze nyuma juu ya magurudumu makubwa, mkivute ngazi moja baada ya nyingine. Mwenye nguvu zaidi awe nyuma, wa pili awe mbele.
- Kushuka ngazi: msafiri atazame mbele, kiti kikiwa kimelazwa nyuma. Mwenye nguvu anazuia kwa vishikio, wa pili yuko mbele akiongoza fremu.
- Mteremko mkali: shukeni kinyumenyume, msukumaji akiwa chini.
- Mfereji au ufa: uvukeni moja kwa moja, si kwa mshazari, na mnyanyue kidogo magurudumu ya mbele.
- Mkisimama, fungeni breki, hata kama ni kwa dakika moja ya kupiga picha.

Ngazi zikizidi tatu au nne, jiulizeni kama kinachowangoja juu kina thamani ya hatari hiyo. Mara nyingi hakina.

## Choo, maji na jua

Choo. Vyoo vinavyofaa kiti mwendo ni vichache, na katika nyumba nyingi za zamani choo kiko ghorofani. Chagua mgahawa au hoteli moja ya ghorofa ya chini, karibu na Forodhani au Shangani, uliyoithibitisha kwa picha, na uifanye kituo chenu. Bebeni pia chupa ya mkojo au pampasi, shuka la kusitiri, sabuni, maji ya kutawadhia na nguo za kubadilisha.

Maji. Wengi hujinyima maji ili wasiombe choo. Hili ni kosa la hatari. Kwenye joto la Unguja mtu hukauka haraka, na anayetumia mpira wa mkojo anaweza kupata maambukizi. Anywe kidogo kidogo mchana kutwa.

Ngozi. Asiyehisi makalio au miguu anapaswa kubadilisha ukaaji kila baada ya dakika 15 hadi 30. Weka kengele ya simu. Kidonda cha mgandamizo huanza kwa saa chache na huweza kuchukua miezi kupona.

Jua. Kuanzia saa 6 hadi saa 9 mchana, mkae kivulini. Aliyeumia uti wa mgongo kwa juu huenda asitoke jasho vizuri, kwa hiyo kitambaa kilicholoweshwa shingoni ni lazima. Msikiache kiti juani kikiwa kitupu. Vyuma vyake huunguza.

Vaeni pia kwa heshima ya mji: mabega na magoti yafunikwe. Anayetaka kuswali aulize mapema msikiti gani una mlango usio na ngazi, au aswalie kituoni penu.

## Ratiba ya mfano

Ratiba za boti hubadilika, hivyo hakikisheni saa kabla ya kulipa. Kwa boti ya asubuhi, siku inaweza kwenda hivi:

- Saa 12 asubuhi: bandarini Dar es Salaam, choo, kupanda mapema.
- Saa 1: kuondoka.
- Saa 3 hadi 3:30: kushuka Malindi, kukutana na dereva.
- Saa 3:30 hadi 5:30: kile kimoja alichokichagua msafiri, kisha Mizingani na Forodhani au Ngome Kongwe.
- Saa 5:30 hadi 8: kituoni. Chakula, choo, kujinyoosha au kulala kidogo.
- Saa 8 hadi 9: mahali pa pili kwa teksi, kwa mfano Mkunazini.
- Saa 9 alasiri: kurudi bandarini kwa ajili ya boti ya jioni.

Ni sehemu mbili, au tatu kwa wingi, kwa siku nzima. Atakayewauzia sehemu saba hajawahi kusukuma kiti kwenye mawe.

## Makosa yanayojirudia

- Kwenda na msaidizi mmoja. Wawe wawili wenye nguvu, wapokezane.
- Kusukuma kwa kasi kwa kuogopa kuchelewa. Mwenda pole hajikwai.
- Kumwambia msafiri "tusubiri hapa kidogo," kisha saa nzima ikapita.
- Kuzungumza na mwenyeji juu ya kichwa cha msafiri, kana kwamba hayupo.
- Kubeba mizigo mingi nyuma ya kiti. Kiti huelemewa na kuanguka kinyumenyume.
- Kukata tiketi ya boti ya mwisho. Ikikosekana, hakuna nyingine. Chukueni ya kabla yake na mweke fedha ya kulala usiku mmoja, likitokea la kutokea.

## Wasiwasi mnaoniletea

"Si afadhali tumbebe tu mgongoni?" Kwa ngazi moja yenye dharura, pengine. Kwa siku nzima, hapana. Anayebeba huumia mgongo, anayebebwa huona aibu, na wote wawili huweza kuanguka kwenye jiwe lenye utelezi.

"Watu watamkodolea macho." Baadhi watafanya hivyo. Wamkodolee akiwa Forodhani anapunga upepo. Ni bora kuliko kujificha chumbani.

"Hatuna gari la rampu." Hamlihitaji. Mnahitaji gari la kimo cha kiti, watu wawili, na mazoezi ya kuhamishana mliyoyafanya nyumbani.

"Atachoka." Ndiyo, hata ninyi mtachoka. Dawa yake ni yale mapumziko ya saa mbili na nusu mchana. Msiyaibe ili muone jengo moja zaidi.

"Na kama boti inatutisha?" Anzeni na Bagamoyo. Inafikika kwa gari, ni tambarare, na majengo mengi ya mji wa kale hutazamwa kutoka barabarani. Magofu ya Kaole yako kusini yake kidogo, ila ardhi ya huko ni ya mchanga na nyasi, kwa hiyo nendeni wakati wa kiangazi. Mkimudu siku ya Bagamoyo, mtajua mmeshaiva kwa Unguja.

## Mkirudi, semeni

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Ibara ya 9 ya mkataba huo inahusu ufikivu, na Ibara ya 30 inahusu haki ya kushiriki utamaduni na mapumziko. Kumpeleka mama kuona mji wake wa kihistoria si upendeleo tunaouomba kwa mwenye jengo.

Kwa hiyo mkipata mgahawa uliofungua mbao zote mbili za mlango, mwusifu na kuutaja kwa wengine. Mkikuta mahali pamezuiwa na kizingiti kimoja cha sentimita 10, mwambieni mwenyeji kwa upole kwamba ubao wa mita 1.2 unaowekwa na kuondolewa hautoboi jiwe wala kuharibu nakshi. Fundi seremala yeyote wa mtaani anaweza kuutengeneza. Waandikieni pia wasimamizi wa boti na wa maeneo ya kihistoria, mkitaja vipimo mlivyovikuta. Malalamiko yenye sentimita ni magumu kuyapuuza.

Chagueni siku, pimeni kiti, pigeni zile simu nne. Mwachieni msafiri achague mahali pa kwanza, nanyi mmfuate.